Mwalimu wa Kwale katika Utafiti wa Kimataifa wa Elimu: Mtafitiwa au Mtafiti Mwenzi?

Utangulizi

Pwani ya kusini ya Kenya ni sehemu iliyochunguzwa sana. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, wakishirikiana na Wizara ya Afya ya Kenya, waliufuatilia ugonjwa wa kichocho katika vijiji vya Msambweni, na mara nyingi waliopimwa walikuwa watoto wa shule. Kati ya mwaka 2010 na 2012 mradi wa HALI ulichunguza malaria na ujuzi wa kusoma katika shule za msingi za wilaya za wakati huo za Kwale na Msambweni. Kisha, kuanzia mwaka 2015, mradi wa TUMIKIA ulilinganisha njia za kupambana na minyoo katika kaunti ya Kwale. Tafiti hizi zilitofautiana kwa shabaha na kwa fedha, lakini kwa sehemu kubwa zilipita katika mlango mmoja, nao ni mlango wa shule. Na mwenye kuufungua mlango huo alikuwa mwalimu.

Mwalimu ndiye huwaita wazazi mkutanoni, ndiye hutoa daftari la majina, na ndiye hubaki kujibu maswali ya wazazi gari la wageni likishaondoka. Hata hivyo, katika maandishi yanayochapishwa baadaye, aghalabu huyo mwalimu hutokea kama tarakimu: walimu kadha walifundishwa, walimu kadha walitazamwa. Jambo hili si la Kwale peke yake, na pengine katika utafiti wa minyoo halina madhara makubwa. Katika utafiti wa elimu, na hasa wa kusoma, lina madhara. Makala haya yanakusudia kuonyesha madhara hayo yako wapi, na kueleza kwa nini mwalimu wa Kwale yafaa ahimizwe kushiriki katika utafiti wa kimataifa akiwa na haki ya kuuliza swali, kukagua kipimo na kufasiri matokeo. Hoja yenyewe ni ya kiisimu zaidi kuliko ya kisiasa: katika shule za Kwale yanayoamua matokeo ya mtihani wa kusoma ni, kwa kiasi kikubwa, mambo ya lugha, na lugha hizo mwenye kuzijua ni mwalimu.

Mradi wa HALI na walimu wake

Itafaa kuutazama mradi wa HALI kwa karibu, kwa kuwa ndio uliowategemea walimu zaidi. Jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yahusuyo afya na kusoma. Ulihusisha shule 101 za serikali, zilizogawanywa kwa kura. Katika baadhi ya shule, wahudumu wa afya waliwapima watoto malaria mara moja kila muhula na kuwatibu waliokutwa na vimelea. Katika shule 51, walimu wa darasa la kwanza, na baadaye la pili, walipewa mafunzo ya kufundisha kusoma, miongozo ya masomo iliyoandikwa nusu neno kwa neno, na ujumbe mfupi wa simu kila wiki. Shule 50 zilizosalia zilikuwa shule linganishi kwa upande wa usomaji.

Upande wa malaria, tokeo liliwashangaza wengi. Halliday na wenzake, waliochapisha ripoti yao mwaka 2014 baada ya kuwafuatilia watoto 5,233 wa darasa la kwanza na la tano, hawakuona manufaa yoyote, si katika upungufu wa damu wala katika uwezo wa watoto wa kuwa makini darasani. Upande wa kusoma mambo yalikuwa kinyume chake. Kwa mujibu wa Jukes na wenzake (2017), ufundishaji ulibadilika sana: watoto walionyeshwa maandishi mara nyingi zaidi, na herufi na sauti zake zilitiliwa mkazo zaidi. Baada ya miaka miwili watoto wa shule za mradi walikuwa mbele katika vipimo vitatu kati ya vinne vikuu, kwa tofauti iliyofikia 0.64 ya mchepuko sanifu, kiasi ambacho watafiti wa elimu hukiona kikubwa. Tena watoto walioacha shule walikuwa asilimia 2.1, hali katika shule linganishi walikuwa asilimia 5.3.

Tarakimu hizi mbili za mwisho zinastahili kutuliwa. Mradi ulikuwa wa kufundisha kusoma, haukuwa wa kuwazuia watoto wasiache shule. Kwa nini basi watoto walibaki? Je, ni kwa sababu mtoto aliyeanza kusoma hapendi kuondoka? Au mzazi aliyeona daftari lenye maneno aliyaona matunda ya ada na sare? Au mwalimu, kwa kuwa wiki kwa wiki aliulizwa kwa simu juu ya darasa lake, alianza kuwafuata wasiofika? Hesabu za takwimu zaweza kusema kwamba tofauti ipo; haziwezi kusema imetokana na nini. Katika kila moja ya shule hizo 51 alikuwapo mtu mmoja aliyeweza kusema, mtoto kwa mtoto, nani amehamia Lunga Lunga na mama yake, nani amepelekwa kwa bibi yake Kinango, na nani yu pwani ya Diani akiuza madafu kwa watalii. Maarifa ya namna hii si porojo. Ni data ambayo haikupata mahali pa kuandikwa.

Jambo lililofuata linaongeza uzito wa hoja. Mpango wa Tusome, ulioanzishwa katika shule za msingi za umma za Kenya mwaka 2015, ulifuata njia inayofanana na ile ya HALI: miongozo ya masomo, mafunzo ya mara kwa mara, na mwalimu kutembelewa darasani. Kwa hiyo kilichojaribiwa katika vyumba vya Kwale kilikuwa na ndugu zake katika nchi nzima. Kipimo kikiwa na kosa Msambweni, kosa hilo halitabaki Msambweni.

Kipimo na lugha ya mtoto

Kwale si nchi ya lugha moja. Kidigo husemwa katika ukanda wa pwani, Diani na Msambweni zikiwamo, na Kiduruma husemwa bara, upande wa Kinango. Vanga na Wasini kuna Kivumba. Funzi na vijiji vya jirani kuna Chichifundi. Lahaja hizi mbili za Kiswahili zilielezwa na H. E. Lambert katika vijitabu vyake vya mwaka 1957 na 1958. Shimba Hills wamo pia Wakamba wengi waliohamia huko. Katika mazingira hayo mtoto wa darasa la kwanza hutakiwa kusoma katika lugha mbili kwa wakati mmoja, Kiswahili na Kiingereza, na mara nyingi hakuna hata moja kati ya hizo iliyo lugha ya mama yake.

Na litazamwe neno moja tu. Mtoto Mdigo anaonyeshwa neno *mtu* naye anasoma "mutu". Msahihishaji mwenye saa mkononi ana sekunde moja ya kuamua: amekosa au hakukosa? Miongozo ya kipimo cha EGRA, kinachotumika katika nchi nyingi na ambacho kilijaribiwa Malindi mwaka 2007, inaagiza kwamba mtoto asihesabiwe kosa kwa sababu ya lafudhi au lahaja yake. Agizo hilo ni jema, lakini halitoshi, kwani "mutu" si lafudhi. Ni neno la Kidigo. Yamkini mtoto ameziunganisha herufi vizuri, na ulimi wake, uliozoea kiambishi *mu-*, umeongeza irabu. Yamkini pia hakuunganisha chochote. Ameitambua sura ya neno na kutaja maana yake katika lugha ya nyumbani. Kwa mtu anayetaka kujua kama watoto wanajifunza uhusiano wa herufi na sauti, na hilo ndilo hasa HALI ilitaka kulijua, tofauti kati ya mambo haya mawili ni kubwa.

Hapa mwalimu ajuaye Kidigo ana njia rahisi ya kuitatua shaka, nayo hutokana na historia ya sauti za lugha za Kimijikenda. Sauti *t* ya asili, iliyobaki katika Kiswahili, iligeuka kuwa *h* katika lugha hizo: *moto* ni *moho*, *mti* ni *muhi*, *mto* ni *muho*, *-tatu* ni *-hahu*. Katika *mtu* haikugeuka, kwa sababu hapo zamani ilitanguliwa na king'ong'o. Basi mtoto yule yule aonyeshwe neno *mto*. Akisema "muto", ambalo si neno la Kidigo lenye maana hiyo, amesoma herufi na kuongeza irabu tu. Akisema "muho", amekisia kwa maana. Jozi chache za namna hii, zikiingizwa katika kipimo kwa makusudi, zingeweza kutenganisha makundi mawili ya watoto ambao katika jedwali la sasa wamechanganywa.

Tatizo la pili ni la maneno ya kubuni. Vipimo vya kusoma huwa na orodha ya maneno yasiyo na maana, yaliyoundwa kwa kufuata silabi za lugha, ili mtoto asiweze kukisia. Sasa mtunzi aliyekaa Nairobi, akiwa na kamusi ya Kiswahili sanifu mezani, anaweza kabisa kuandika *moho* au *muhi* katika orodha yake kwa imani kwamba hayana maana. Kwa Kiswahili sanifu hayana. Kwa mtoto wa Ukunda la kwanza ni kile kinachowaka mekoni kwa mama yake, na la pili ni kile anachokiparamia akitoka shule. Atalisoma upesi kuliko mwenziwe Mkamba aliyeketi naye dawati moja, na jedwali litaandika kwamba ana uwezo mkubwa zaidi wa kuunganisha sauti.

La tatu ni majina ya herufi, na hilo walimu wote wa darasa la kwanza wanalijua hata nje ya Kwale. Herufi *e* katika kipindi cha Kiswahili huitwa "e". Baada ya nusu saa, katika kipindi cha Kiingereza, huitwa "i". Mtoto aliyepimwa asubuhi kabla ya kipindi cha Kiingereza na yule aliyepimwa baada yake hawako katika hali moja. Mpangaji wa ratiba ya utafiti asiyelijua hilo hana kosa. Kosa ni la utaratibu usiomwuliza mwalimu mapema.

Kadhalika kuna chuo. Watoto wengi Waislamu wa pwani hufika darasa la kwanza wakiwa wamekwisha kukaa mbele ya mwalimu wa Kurani, wakajifunza kuitaja herufi pamoja na fataha, kasira na dhuma yake, kwa sauti na kwa pamoja. Hiyo ni njia ya silabi, nayo ni jamaa wa karibu wa *ba be bi bo bu* ya darasa la Kiswahili. Je, mtoto wa chuo huipokea njia ya silabi upesi kuliko mwenziwe? Je, huipinga ile ya sauti mojamoja ambayo miradi mingi ya kigeni huipendelea, na ambayo asili yake ni mahitaji ya tahajia ya Kiingereza? Maswali haya yangefaa kuwa maswali ya utafiti. Si ajabu kwamba mtu aliyetoka mbali hayaulizi. Ajabu ni kwamba mwenye kuyajua haulizwi.

Dubeck, Jukes na Okello, katika makala yao ya mwaka 2012 juu ya ufundishaji wa kusoma katika madarasa ya pwani, walieleza kwamba walimu walitilia mkazo zaidi lugha ya mazungumzo kuliko uhusiano wa herufi na sauti. Ni haki kusema kwamba watafiti hao waliwasaili walimu na hawakuwatazama tu. Hata hivyo, msomaji wa mbali aweza kuliona jambo hilo kama upungufu wa mwalimu. Mwalimu wa Msambweni aweza kujibu kwamba huwezi kumsomesha mtoto lugha asiyoisema, na kwamba katika majuma ya kwanza anachofanya ni kumpa Kiswahili chenyewe. Jibu hilo laweza kuwa sahihi au lisiwe. Lakini ni nadharia ya ufundishaji, na inastahili kupimwa kama nadharia nyingine.

Yanayomzuia mwalimu

Kumhimiza mwalimu ashiriki ni rahisi kusema. Kwanza, mgeni anayeketi nyuma ya darasa akiandika hufanana mno na mkaguzi, na mwalimu wa Kenya amezoea kukaguliwa. Hapo hufundisha somo la kuonyesha, si somo la kila siku. Pili ni muda: darasa la kwanza lina watoto wengi, na daftari zao hazijisahihishi. Tatu, na hili ni zito zaidi, ni matokeo kutorudi. Ripoti ya HALI juu ya malaria ilichapishwa katika jarida lililo wazi kwa kila mtu, jambo la kusifiwa. Ile ya kusoma ilichapishwa katika jarida la kulipiwa. Na zote mbili zimeandikwa kwa Kiingereza cha takwimu. Mwalimu ambaye hajaona alichokisaidia kimekuwa nini hana sababu ya kufurahia gari jingine likiingia uwanjani.

Kuna pia pingamizi la kisayansi, nalo halifai kupuuzwa. Husemwa kwamba mwalimu ni mwenye kesi. Akishirikishwa ataupendelea mradi wake. Ni kweli kwamba mwalimu asiwapime wanafunzi wake mwenyewe, na kwamba kura ya kugawanya shule isipigwe naye. Hayo ni mambo mawili katika utafiti wenye hatua nyingi. Kutunga swali, kukagua orodha ya maneno, kueleza kwa nini mtoto hakuja, kusoma jedwali la kwanza na kusema "hapa pana kosa": katika kazi hizi ujuzi wa ndani ni sifa, si dosari. Lawrence Stenhouse alidai jambo la namna hiyo kwa walimu wa Uingereza mwaka 1975. Pwani yenyewe haina haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta mfano. Mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980, uliongozwa na mwalimu, Bi Swafiya Said, na ulitokana na haja ya wazazi Waislamu wenyewe. Baadaye ulichunguzwa na wataalamu wa kimataifa katika Kenya, Uganda na Zanzibar, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Hapo swali lilikuwa la wenyeji kabla halijawa la Chuo Kikuu cha Oxford.

Ridhaa ya wazazi nayo imo katika hesabu hii. Katika pwani ambako habari za mumiani zilivuma kwa vizazi, kumtoboa mtoto kidole ili kupata damu si jambo dogo. Mwalimu akisimama mbele ya wazazi na kusema utafiti ni mwema, wengi hukubali kwa sababu ni yeye aliyesema. Amana hiyo ni yake. Anayemwomba aitumie bila kumweleza kwa ukamilifu utafiti unauliza nini anaikopa amana isiyo yake.

Wajibu wa idara za lugha

Jumbe za kila wiki za HALI zinaonyesha kwamba njia ya mawasiliano haina gharama ya kutisha. Jumbe hizo ziliwataka walimu wajibu, nao walipewa salio dogo la simu. Maswali yalitoka ofisini kwenda darasani. Hakuna kinachozuia njia hiyo kutumika kinyume chake: mwalimu aulize, ofisi ijibu, na maswali yake yahifadhiwe kama sehemu ya data. Ila kazi ya akili isilipwe kwa salio la simu. Ilipwe kama inavyolipwa kazi ya msaidizi wa utafiti, na jina la mwenye kazi liandikwe akipenda.

Idara za Kiswahili na lugha za Kiafrika zina sehemu yao, ambayo mpaka sasa zimewaachia wataalamu wa afya na wa saikolojia. Kila mtafiti afanyaye kazi Kenya hutakiwa kupata kibali cha NACOSTI, na katika maombi yake hueleza vipimo atakavyotumia. Kipimo cha kusoma kinachokwenda Kwale chaweza kukaguliwa kabla ya hapo na mwanaisimu mmoja pamoja na walimu wachache wa mahali hapo. Zana zipo. Kamusi ya *Mgombato*, ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili, ilitolewa mwaka 2004 na Mwalonya, Zimbu, Alison Nicolle na Steve Nicolle; sarufi ya Kidigo ya Steve Nicolle ilifuata mwaka 2013; na kitabu cha Nurse na Hinnebusch cha mwaka 1993 kimeeleza historia ya sauti za kundi zima. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetoka Tiwi au Kinango, akiwa nyumbani likizoni, anaweza kuichukua orodha ya maneno ya kubuni akakaa nayo alasiri moja pamoja na mwalimu wa Mdigo, mwalimu wa Mduruma na mwalimu wa Mvumba, wakaliweka kando kila neno ambalo mmoja wao atacheka akilisikia.